MASHUHURI, LAKINI...

Kijana, Bwana Yesu asifiwe!

Kama hujazoea kuitikia "Amina", usijali. Karatasi hii hatukuiandika kwa ajili ya waliokwisha kuokoka. Ni yako wewe uliyesimama kule pembeni, umeegemea pikipiki, unasikiliza vyombo vya mkutano huku ukijifanya unasubiri abiria. Nakufahamu sana. Na mimi nilisimama hapo hapo.

Nina swali moja tu. WEWE UNATAKA KUJULIKANA KWA LIPI?

Usijibu haraka. Siku hizi kila mtu anataka kujulikana. Unajirekodi kwenye simu unacheza, unairusha, halafu usiku hulali, kila dakika unafungua kuangalia ni wangapi wameipenda. Mwenzako anataka ajulikane kwa kuinua tairi la mbele wasichana wa sekondari wakipita. Mwingine kwa ngumi. Mwingine kwa idadi ya wasichana aliowachezea, anawahesabu kijiweni kama mtu anayehesabu mitumba ya tumbaku. Na huyu mwingine, pesa ya tumbaku ikitoka tu, baa nzima lazima ijue ametoka yeye! Mwezi wa kwanza ni mfalme, wa pili anakopa chumvi kwa jirani.

Ukiwauliza, wote wana jibu moja: "Mimi mwanaume, bwana."

Sawa. Basi leo tuongee habari za mwanaume.

HAPA UNAPOKANYAGA

Je, unajua ardhi hii ya Ulyankulu ilikanyagwa na nani? Wengi wetu wazazi wetu walifika hapa kuanzia mwaka 1972, wakitokea Burundi na vifurushi kichwani, wakapangiwa mashamba na barabara zenye namba. Watu wengi wa Afrika Mashariki walilijua jina la Ulyankulu kwa kanda za kwaya ya Barabara ya 13, hata kabla hawajajua iko mkoa gani. Lakini miaka 100 kabla ya wazazi wetu, hapa palikuwa na jina lililotetemesha njia yote ya misafara, toka Ziwa Tanganyika hata pwani. MIRAMBO.

Jina hilo hakupewa na baba yake. Baba yake alikuwa Kasanda, mtemi wa Uyowa. Mirambo ni jina la vita, maana yake maiti, mizoga. Hebu fikiri: kijana anachagua kuitwa Mizoga, na jina likamkaa. Mwezi Agosti 1871 Waarabu wa Tabora walikusanya jeshi kumwendea. Kundi lao moja liliingia Ulyankulu hii hii, likateka, likabeba pembe za ndovu na watu. Wakati wanarudi na mzigo wao, watu wa Mirambo waliokuwa wamejificha wakawatokea ghafla. Wengi hawakufika nyumbani. Mwezi huo huo Mirambo akaingia Tabora yenyewe akachoma sehemu ya mji. Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, alikuwepo Tabora wakati huo, na baadaye akamfananisha Mirambo na Bonaparte wa Ufaransa. Sifa ya namna hiyo!

Mimi simdharau Mirambo. Alikuwa na akili nyingi, na waliomchokoza hawakuwa malaika. Biashara yao ilikuwa pamoja na kuuza watu. Lakini kuna mambo mawili juu yake nataka uyasikie.

La kwanza. Stanley alikutana naye uso kwa uso mwaka 1876. Alitazamia kuona jambazi la kutisha. Akamkuta mtu mpole, mwenye sauti ya chini na adabu. Akashangaa. Unaona jambo hilo? Jina lilikuwa linatembea peke yake barabarani, na mtu mwenyewe alikuwa mwingine kabisa. Hivyo ndivyo umaarufu ulivyo. Watu wanaongea na jina lako, wanalipigia makofi, wanaliogopa, na wewe umekaa nyuma yake hakuna anayekuona.

La pili. Stanley aliandika kwamba Mirambo alipenda kupigana akiwa na vijana, hakupenda watu wazima. Sababu yake ni kwamba mtu mzima vitani anawaza mke na watoto. Kijana ana macho makali, miguu myepesi, na hana kinachomvuta kurudi nyuma. Ndio wale rugaruga, waliojipamba manyoya na vitambaa vyekundu.

Kijana, soma tena hapo. WALICHUKULIWA KWA SABABU HAWAKUWA NA WA KUMUWAZA. Na hata leo anayekuita kwenye wizi wa usiku, kwenye gongo na bangi, kwenye fujo za siasa, anakuita kwa sababu hiyo hiyo. Anakwambia "wewe ndiye mwanaume" maana anajua ukianguka hakuna mtoto atakayekuja kumdai.

Mirambo alikufa tarehe 2 Desemba 1884, bado hajawa mzee, kwa ugonjwa wa koo. Koo! Sauti iliyofunga njia ya misafara ilifungwa yenyewe. Ndugu yake Mpandashalo akarithi, lakini haikupita miaka mingi dola ikasambaratika. Leo Tabora kuna shule yenye jina lake. Rugaruga wake je? Nitajie mmoja.

MWANAUME MWENYE "LAKINI"

Biblia ina mtu wa namna hii. Ukipata Biblia soma Wafalme wa Pili sura ya 5. Anaitwa Naamani, jemadari wa jeshi la Shamu. Kitabu kinaanza kumpamba: mtu mkubwa, anaheshimiwa na mfalme, shujaa, ameshinda vita. Halafu linakuja neno dogo. LAKINI. Lakini alikuwa na ukoma.

Nimehubiri mikutano mingi, na nimekuja kuona kwamba kila mtu mashuhuri ana "lakini" yake. Mwaka 2008 huko Beijing kijana wa Kenya, Samuel Wanjiru, alishinda marathoni ya Olimpiki akiwa na miaka 21. Hakuna Mkenya aliyewahi kuipata medali ile ya dhahabu kabla yake. Dunia nzima ikamjua. Tarehe 15 Mei 2011 alianguka kutoka roshani ya nyumba yake Nyahururu akafa. Alikuwa na miaka 24. Sisi si mahakimu wake, na mambo ya usiku ule Mungu anayajua. Mimi nasema hivi tu: medali haikuweza kumshika mkono asianguke.

Tumrudie Naamani. Barabarani anapigiwa saluti. Nyumbani akivua deraya, mke wake anaona vidonda. Ukoma wake umefunikwa na nguo za kijeshi! Si ndivyo tunavyoishi? Mchana kijiweni wewe ni kamanda, usiku umelala chali unatazama bati, moyo unadunda, unaogopa kitu usichoweza kumwambia mtu. Umefundishwa mwanaume halii. Basi hulii. Unakunywa.

Nani alimletea Naamani habari ya kupona? Kasichana. Kasichana kadogo kalikotekwa na vikosi vya Shamu katika nchi ya Israeli, kakawa mtumishi wa mke wake. Nyumba yao kalikotoka hatuambiwi, wala jina lake halikuandikwa. Sisi wa Ulyankulu tunajua maana ya mtoto kukua katika nchi asiyozaliwa wazazi wake. Kangeweza kunyamaza na kumwacha bwana wake aoze. Kakasema yuko nabii Samaria anayeweza kumponya.

Naamani akaondoka na fedha talanta 10, vipande 6000 vya dhahabu na mavazi 10. Anaenda kama mtu mashuhuri anavyokwenda, na msafara. Akafika kwa Elisha. Na Elisha, bwana, HAKUTOKA NJE! Alimtuma mtu tu akamwambie jemadari aende akajichovye mara 7 katika mto Yordani.

Naamani akakasirika. Alitaka apokelewe. Alitaka nabii asimame, apunge mkono, watu waone. Tena mto wenyewe Yordani, wakati kwao Dameski kuna mito mizuri zaidi! Alikuwa tayari kurudi nyumbani na ukoma wake kuliko kushushwa heshima. Ndugu yangu, hapo ndipo wanaume wengi wanapofia. Dawa ipo, ni kiburi cha kuvua nguo.

Maana kujichovya lazima uvue. Fikiria askari wake wamesimama ukingoni, wale waliokuwa wakimwona kama chuma, na sasa jemadari anatoa deraya, anatoa joho, na wote wanaona kile alichokuwa akificha. Mara ya kwanza anazama, anatoka, bado. Ya pili, bado. Ya sita, BADO! Ya saba mwili wake ukawa kama wa mtoto mdogo.

HABARI YANGU MIMI

Sasa nivue na mimi, maana si vizuri kumwambia mwenzako aingie mtoni wewe ukiwa umevaa koti.

Mwaka 1994 nilikuwa na miaka 21, mwimbaji wa mbele katika kwaya moja. Jina la kwaya naliacha. Wale watu hawakukosa kitu, aliyekosa ni mimi. Tulirekodi kanda, ikapendwa. Siku moja nashuka stendi ya Tabora, kijana anayeuza karanga akaanza kuimba wimbo wetu, tena akiiga sauti yangu mimi. Nilinunua karanga zake zote. Toka siku ile sikuwa mzima. Nikawa natembea kama mtu anayepigwa picha.

Alikuwepo binti mmoja, baba yake mkulima wa tumbaku. Aliponiambia ana mimba nilimjibu maneno manne: "Una uhakika ni yangu?" Mimi nilikuwa na uhakika. Wazee wa kanisa waliponiita, nikasema simjui huyo dada zaidi ya salamu. Wakaniamini. Unajua kwa nini waliniamini? Kwa sababu nilikuwa naimba vizuri. Yeye alitengwa, mimi Jumapili ile niliimba na watu wakalia machozi. Mimi macho makavu.

Niliishi hivyo miaka minne. Nilijulikana hadi Kigoma. Na kila nilipoitwa jina langu kwa sifa, nilikuwa nasikia yale maneno manne.

Halafu siku moja mnadani nikapishana na mtoto wa kiume amebeba kidumu cha mafuta ya taa. Akanitazama akasema, "Shikamoo." Nikaitikia marahaba. Akapita. Nikageuka kumtazama kwa nyuma nikaona masikio. Yalikuwa masikio yangu, yametanda hivi hivi kama ya baba yangu. Mwanangu aliniamkia kama mpita njia, akaenda zake na mafuta ya taa.

Wiki ile ile nilimsikia mzee mmoja, hana hata spika, anahubiri habari hizi za Naamani chini ya mwembe. Sikungoja amalize.

Nilifika kwa baba yake yule binti usiku. Ilikuwa msimu wa kukausha tumbaku, mzee alikuwa kwenye bani. Mkulima anajua, moto wa bani haulali. Nikasema shikamoo mzee. Akaitikia, akanitazama, akasema, "Kuni." Basi. Nikabeba kuni. Nikachochea. Moto ukishuka anaonyesha kidole, nachochea tena. Usiku kucha hakusema neno jingine. Moshi ulinitoa machozi, au sijui kama ulikuwa moshi.

Alfajiri akaniuliza, "Umekuja kufanya nini?"

Nikasema, "Mzee, nimekuja kusema ni mimi."

Akanyamaza. Halafu akasema, "Hilo sisi tulilijua. Sasa kawaambie wale uliowadanganya."

Nilisimama mbele ya kanisa nikasema. Sikusema vizuri, nilitetemeka. Nafasi ya mbele nikapoteza, na kanda iliyofuata aliimba mwingine, tena aliimba vizuri kuliko mimi. Vijana wenzangu walinicheka, wakasema nimejichoma mwenyewe, mwanaume gani anakiri kitu ambacho kimeshasahauliwa? Yule dada alikuwa ameolewa mbali na hakutaka kuniona, na mpaka leo sidai anione. Mtoto alibaki kwa babu yake. Nilianza kumlipia ada, nikawa nakwenda kila Jumamosi kufanya kazi shambani kwa mzee. Mwaka mzima yule mtoto aliniita "mjomba". Sikumsahihisha. Siku aliyoniita baba alikuwa ananiomba nimshikie jembe afunge kamba ya kiatu. Wala hakujua amesema nini.

Sasa niambie wewe. Ni lini nilikuwa mwanaume? Stendi ya Tabora, au pale mlangoni pa bani?

WALIOBEBA

Babu zetu wa Unyamwezi walikuwa na kipimo chao. Kijana hakuhesabiwa kuwa mtu mpaka amekwenda pwani na kurudi, na mzigo begani wa kilo 30 na zaidi, kiasi cha miezi mitatu kwenda tu. Watoto wadogo walifanya mazoezi kwa pembe ndogo ndogo. Mbele ya msafara alitembea kirangozi na nguo nyekundu na manyoya kichwani, huyo ndiye aliyetazamwa vijijini. Lakini pembe hazikufika pwani kwa manyoya ya kirangozi.

Mwaka 1873 msafara mmoja wa ajabu ulipita Tabora. Mzungu mashuhuri, Dakta Livingstone, alikuwa amekufa katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake Waafrika, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaufunga, wakaubeba. Kilomita zaidi ya 1500! Wengine walikufa njiani. Walipofika Tabora mwezi Oktoba, ofisa mmoja Mwingereza akawashauri wamzike hapo hapo, wapumzike. Wakakataa. Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Tarehe 18 Aprili Livingstone akazikwa London katika kanisa la Westminster, kwa heshima kubwa. Susi na Chuma hawakuwepo kaburini.

Aliyekuwa mashuhuri ni yule aliyebebwa. Wanaume walikuwa chini ya mzigo.

Na sasa nikuonyeshe pagazi mwingine. Siku Yesu anapelekwa kusulubiwa, msalaba ulimlemea. Askari wakamkamata mtu aliyekuwa anapita, anatoka shamba, hana habari ya lolote. Simoni, mtu wa Kirene. Kirene iko Afrika, katika nchi tunayoiita Libya. Mwafrika mwenzetu, mikono ina udongo, akabebeshwa msalaba. Marko sura ya 15 inamtaja kwa namna ya pekee: inasema alikuwa baba yao Iskanda na Rufo. Haisemi alikuwa tajiri, wala shujaa, wala mwimbaji. Inataja watoto wake! Watu wa kanisa walimjua kwa watoto.

Wewe, ungeandikwa leo, ungeandikwa baba yao nani? Na hao wangekubali?

Na huyo Yesu mwenyewe aliyekuwa anasaidiwa, angalia alivyokuwa. Umati ulipotaka kumfanya mfalme, Yohana sura ya 6, alikwenda mlimani peke yake. Alipoambiwa atoe ishara watu waone, hakutoa. Rafiki yake alipokufa, alilia mbele za watu. Mwanaume analia! Usiku wa mwisho alichukua beseni akaosha miguu ya wavuvi. Na alipokuwa anakufa uchi msalabani, bado alikuwa anamtafutia mama yake mahali pa kuishi. Kijiweni kwenu mwanaume wa hivyo mnamwitaje? Mimi namwita Bwana.

USIKU HUU

Mhubiri akimaliza atawaita watu mbele. Najua utakachofanya, utawasha pikipiki. Najua pia kwa nini: wanakujua, watasema kesho, "Na wewe jana ulikuwa unalia kule mbele?" Naamani naye aliwaza hivyo hivyo kwenye gari lake la farasi.

Kama huwezi kuja mbele, usije. Mungu haishi jukwaani. Lakini kuna mtu mmoja unayetakiwa kumwambia NI MIMI. Umemjua tayari, jina lake limekuja kichwani sasa hivi ulipokuwa unasoma. Inawezekana ni msichana. Inawezekana ni mama yako, uliyeuza mbuzi wake ukasema ameibiwa. Inawezekana ni mwenzako aliyepigwa kwa kosa lako. Anzia kwa Mungu, halafu nenda kwa huyo. Usichanganye ukadhani ukimaliza na Mungu basi na yule mama yameisha. Mzee wa bani hakuniambia hivyo.

Kama hujui kuomba, sema hivi, hata kimya kimya, hata macho yakiwa wazi:

"Bwana Yesu, ni mimi. Unajua nilichofunika. Nimechoka kulinda jina. Nisamehe dhambi zangu, nioshe kwa damu yako, uwe Bwana wa maisha yangu. Na kesho asubuhi nikiogopa kwenda, nipeleke. Amina."

Umesema? Washauri wako kushoto mwa jukwaa, kwenye turubai la bluu, watabaki mpaka taa zizimwe. Ukinuka pombe njoo hivyo hivyo. Na karatasi hii usiitupe wala usifungie sigara. Yuko mwenzako amesimama nyuma ya spika, amevuta kofia usoni hataki aonekane. Mpe.